Migomba Arobaini na Mmoja ya Serikali

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote, na msomaji atakayedhani ameiona dirishani kwake, tafadhali afunge dirisha. Ni nchi nzuri. Ina mlima mmoja, mito miwili, na Wizara ya Utulivu yenye ghorofa tisa. Watu wake huamkiana asubuhi na huzika wafu wao kwa heshima. Mimi nilikuwa Karani Mkuu wa Makaburi ya Taifa kwa miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo katika jambo hilo la pili nazungumza kama mjuzi.

Elimu yangu niliipata katika shule ya jioni, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, magoti yamekwama chini ya dawati la watoto. Huko nilijifunza hesabu, historia na mwandiko, na zaidi ya yote nilijifunza kwamba kosa likiachwa bila kusahihishwa huzaa. Tangu hapo sijaliacha hata moja. Nimesahihisha maandishi ya mawe ya makaburi, nimesahihisha hotuba za maziko, na mara moja nilimsahihisha mjane aliyekosea umri wa marehemu mumewe mbele ya jeneza. Watu walinipenda kwa hilo, nadhani.

*

Ili mambo yaeleweke, nianze na mgomba.

Katika nchi yetu mtu akipotea asionekane, wala maiti yake isionekane, ndugu hukata mgomba wenye kimo chake, wakauosha, wakauvika sanda, wakauzika badala yake. Lakini kabla ya udongo kumwagwa, msimamizi huuliza mara tatu: "Nani amemwona?" Aliyemwona, akiwa hai au akiwa maiti, ni lazima aseme, na hapo maziko husimama. Wote wakinyamaza mara tatu, mgomba huzikwa, na mtu yule huhesabiwa amekufa hata kama kesho yake atarudi anapiga mluzi. Akirudi hivyo, haruhusiwi kuvuka kizingiti cha nyumba yoyote kabla hajaufukua mgomba wake kwa mkono wake mwenyewe. La sivyo, atakayemfungulia mlango ndiye atakayekwenda kulala pale mgomba ulipolala.

Miaka kumi na miwili iliyopita, Makamu wa Mlezi Mkuu wa Taifa, Dakta Sekulamba, alisema katika mkutano kwamba mvua haijanyesha, ilhali Wizara ya Utulivu ilikwisha kutangaza kwamba imenyesha. Wiki hiyohiyo akapanda ndege mchana kweupe, watu elfu kadhaa wakimpungia mikono, akaenda kuishi ughaibuni. Baada ya mwaka mmoja, Wizara ikatangaza kwamba Dakta amefariki dunia kwa upweke. Maiti haikuwapo, basi ikaamriwa azikwe mgomba, tena kitaifa.

Mgomba niliuchagua mimi. Ulikuwa wa ndizi za mkono wa tembe, mnene, mrefu, umeinama kidogo kama yeye alivyokuwa akiinama. Ulipigiwa mizinga. Mlezi Mkuu mwenyewe aliulilia mpaka akapanguswa na waziri. Kisha ikaulizwa: "Nani amemwona?"

Mchimbaji wangu wa makaburi, Lugendo, aliyekuwa amesimama nyuma yangu peku na jembe begani, akaninong'oneza, "Mkuu, huyu si alikuwa anaongea redioni leo asubuhi? Redio ya nje?"

Kweli alikuwa anaongea. Mimi mwenyewe nilimsikia nikipiga suruali pasi. Lakini nilikwisha kulitafakari jambo hilo kwa utaratibu. "Lugendo," nikamwambia, "kusikia si kuona. Sauti haina mwili."

"Basi tuzike redio, Mkuu, tuuache mgomba uzae."

Nikamkanyaga kidole. Tukanyamaza mara tatu, taifa zima. Mgomba ukazikwa, likawekwa jiwe la marumaru, na kosa langu la kwanza likawa limekwisha kutungwa mimba.

*

Mwaka huu marafiki wa nchi yetu walioko mbali, wale wanaotuletea ngano, walimwomba Mlezi Mkuu alegeze hewa. Hewa ikalegezwa. Dakta Sekulamba akatangaza kwamba anarudi nyumbani Alhamisi, na akasema redioni maneno yaliyowatoa watu machozi: "Sitaingia nyumba yoyote katika nchi yangu kabla sijaufukua mgomba wangu. Nitatoka uwanja wa ndege moja kwa moja hadi makaburini."

Watu wakasema, huyu ndiye kiongozi, ughaibuni hakukumsahaulisha mila. Na kwa kuwa mila inataka ndugu wa anayefukua waje na majembe kumsindikiza, na kwa kuwa siku hiyo kila mtu aligundua kwamba ni ndugu yake, majembe yakaanza kunolewa nchi nzima.

Wizara ya Utulivu ikatoa tangazo kwamba jembe ni silaha. Bahati mbaya wiki hiyo ilikuwa Wiki ya Kilimo, na Wizara ya Kilimo ilikwisha kutoa tangazo kwamba raia atakayeonekana barabarani bila jembe atachukuliwa hatua. Raia mwema alitakiwa awe na jembe na asiwe nalo. Wengi walilifunga jembe kwa kanga, wakaona wametii pande zote mbili.

Siku ya Jumatano wakaja askari themanini kulilinda kaburi la mgomba, maana kulifukua ni kuharibu mali ya umma. Kiongozi wao, Kapteni Sururu, alikuwa kijana mwenye adabu. Aliniamkia vizuri, akaketi ofisini kwangu, akafungua daftari.

"Shikamoo, Mzee Ngoda. Wanasema hakuna anayeyajua makaburi haya kama wewe."

"Marahaba. Hawakukosea."

"Hapa pana nafasi?"

"Nafasi ya nini, Kapteni?"

"Nafasi tu, mzee. Kwa mpango."

Ningeweza kusema sijui. Lakini sikusoma miaka sita chini ya taa ya kandili ili niseme sijui. Nikamweleza kwamba nyuma ya bohari la sementi kuna mtaro uliochimbwa kwa ajili ya msingi wa ukuta, ukuta wenyewe haukujengwa. Akauliza unachukua wangapi. Nikachukua kalamu, nikapiga urefu kwa upana, nikamwambia arobaini, arobaini na mmoja wakipangwa ubavuubavu. Akaandika. Nilifurahi kuona askari anayependa mipango.

*

Alhamisi asubuhi Lugendo alikuja ofisini kuomba mabuti ya mpira yaliyokuwa stoo.

"Wewe? Mabuti?" nikamshangaa. Kwa miaka yote ile sikumwona na kiatu. Alikuwa akisema udongo haupendi kukanyagwa na mtu usiyemjua.

"Leo ni siku kubwa, Mkuu. Aliyezika ndiye anayemkabidhi jembe anayefukua. Niliyezika ni mimi. Dakta atoke kwenye ndege na suti yake akute vidole hivi?" Akavinyanyua nivione. "Atarudi ughaibuni."

Nikampa mabuti. Yalimpwaya. Akaenda nayo akipiga kwata ya mchezo mbele ya wale askari, kwata-kwata, hata mmoja wao akacheka.

Mkewe Nyamizi, anayeuza uji na mihogo nje ya lango la makaburi, hakumwona akiingia, maana siku ile Lugendo alitangulia alfajiri kwa njia ya uani, na Nyamizi alikuwa amekwenda mtoni kuosha mihogo. Nyamizi alipomwacha nyumbani, mumewe alikuwa peku, na hivyo ndivyo alivyoendelea kumjua.

Saa nne watu walikuwa wamejaa, nami niliwatazama kutoka mezani kwangu, mlango wa ofisi ukiwa wazi. Waliimba kwa heshima, wakipita katikati ya makaburi bila kukanyaga hata moja, jambo nililolipenda. Askari walikuwa wamesimama wamelizunguka jiwe la marumaru. Lugendo alikuwa karibu nalo, jembe mkononi, anatazama barabara.

Dakta hakuja. Baadaye tulifahamishwa kwamba Mlezi Mkuu alikwenda kumpokea yeye mwenyewe, akamkumbatia, akamwingiza katika Chumba cha Wageni Mashuhuri, akamketisha, akampa maji ya ukwaju yenye barafu. Chumba cha uwanja wa ndege, wakamweleza, si nyumba. Ilipofika saa nne na nusu Dakta alikuwa amekubali kuwa Naibu Waziri wa Maridhiano. Kila mtu pale uwanjani alipiga makofi, na hakuna aliyekumbuka kuwapigia simu watu wa makaburini.

Kwa hiyo watu wakasubiri, askari wakasubiri, jua nalo likapanda. Mwisho Lugendo, ambaye hakuweza kamwe kukaa na jembe bila kulitumia, akasema kwa sauti, "Jamani, tumuanzie kidogo, akija amalizie." Akaliinua jembe, akalishusha mara moja.

Hapo nikakumbuka kwamba kalamu yangu imeanguka, nikaingia chini ya meza kuitafuta.

Niliitafuta kwa muda mrefu. Juu ya meza kulikuwa na kelele, siwezi kusema za nini, kwa kuwa sikuwa juu ya meza. Nakumbuka majembe yakianguka juu ya marumaru, moja moja, kama vyombo vinavyodondoka jikoni, kisha mengi kwa pamoja, kisha moja la mwisho peke yake. Baada ya hapo kimya kikawa kikubwa mno, nikahisi aibu kuendelea kukaa chini.

Dirisha la ofisi yangu linatazama bohari la sementi. Nilisimama. Askari wawili walikuwa wanamburuta mtu kwa mikono, na mabuti ya mpira yalikuwa yanachora mistari miwili katika vumbi, iliyonyooka kabisa, mpaka nyuma ya bohari. Wakamlaza upande wa kaskazini wa mtaro, ubavu wa kulia. Walikwenda wakarudi, wakaenda wakarudi. Hesabu yangu ilikuwa sahihi.

*

Saa saba Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Kidundo, alizungumza na taifa. "Ndugu wananchi," alisema, "kuna uvumi kwamba watu wamekufa katika makaburi. Napenda kuwauliza: watu wakifa, hupelekwa wapi? Kama kuna waliokutwa wamelala makaburini, walikuwa mahali pao halali. Hakuna raia aliyekufa. Waliopo ni wenyeji." Akamalizia kwa kumpongeza Mheshimiwa Naibu Waziri wa Maridhiano kwa kurejea salama katika hali ya utulivu.

Kapteni Sururu aliniletea karatasi ya kutia sahihi, kwamba mimi, mtajwa hapo juu, sikuona. Nilimwonyesha kwamba neno "hapo" limeandikwa mara mbili. Akashukuru, wakaichapa upya, nikatia sahihi. Akausifu mwandiko wangu.

Kuanzia Ijumaa nilianza kusikia jembe. Halikunisumbua usiku. Lilikuja saa tatu asubuhi, jua limewaka, saa ambayo Lugendo alikuwa akianza kazi: kwi, kwi, kisha kimya cha mtu anayetema mate viganjani, kisha kwi. Nilitoka nje kila mara, sikukuta mtu. Mtu aliyesoma hakimbilii mizimu. Nilikwenda zahanati, nikasafishwa masikio yote mawili, muuguzi akanionyesha nta iliyotoka. Kesho yake nikasikia vizuri zaidi.

Na ile mistari miwili ya mabuti haikufutika. Niliagiza pafagiliwe, pakafagiliwa. Mvua ikanyesha, mvua ya kweli, si ya kutangazwa. Asubuhi mistari ilikuwepo, imejaa maji, inang'aa.

Nyamizi alikuwa akiningojea langoni kila siku na sufuria yake ya uji.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba, Nyamizi."

"Lugendo wangu hukumwona siku ile?"

"Mimi nilikuwa natafuta kalamu, mama."

"Ukaipata?"

"Niliipata."

"Afadhali. Kimoja kimepatikana."

Siku nyingine hakunitania. Aliniwekea uji katika kikombe, akaukazia macho ule uji. "Unajua shida yangu, Karani? Wakwe wananiambia nizike mgomba, tumalize matanga. Nikiuzika naye yu hai mahali, kafungwa au kakimbilia msituni, nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu. Na kama amekufa nisimzike, atasimama mlangoni asiingie wala asiondoke. Jana binti yangu kapakua ugali, akaniuliza, na cha baba tupakue? Nikakosa jibu. Mtu kukosa jibu la sahani!"

Nikamwambia serikali inalishughulikia. Uji ulikuwa hauna sukari, lakini sikusema. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kuliacha kosa likapita.

*

Naibu Waziri wa Maridhiano naye alikuwa na tatizo la utaratibu. Kwa kuwa hakuufukua mgomba wake, katika vitabu vya serikali alibaki marehemu. Akaapishwa hivyo: "Mimi, Marehemu Dakta Sekulamba, naapa..." Barua zake zilianza, "Kwa Mheshimiwa Marehemu." Na kwa kuwa hakuna aliyekubali kumfungulia mlango, hata mkewe, ofisi yake ikawa gari jeusi lililoegeshwa uani kwa Wizara. Mafaili alipitishiwa dirishani. Chakula pia.

Siku moja gari lile lilikuja makaburini, likasimama mbele ya marumaru. Kioo kikashuka nusu. Alikuwa amekonda, na suti ilikuwa na makunyanzi ya kulaliwa.

"Ndipo hapo?" akaniuliza.

"Ndipo, Mheshimiwa Marehemu."

Akalitazama jina lake lililochongwa. "Siku ile... walisubiri sana?"

"Saa moja na dakika arobaini, Mheshimiwa."

"Walisema nini?"

"Waliimba tu."

"Waliimba nini?"

Nikamtajia wimbo. Alipousikia, kioo kikapanda.

*

Familia arobaini na moja zilikuwa zimeandikisha watu waliopotea. Wizara ya Utulivu, kwa huruma yake, ikatangaza kwamba serikali itatoa mgomba mmoja kwa kila familia, bila ubaguzi, na migomba yote itazikwa siku moja, mbele ya taifa, kwa matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Siku hiyo iliitwa Siku ya Taifa ya Kuwakumbuka Wasioonekana.

Mtu wa kawaida angeona ukarimu tu. Mimi niliuona ufundi. Waziri angeuliza mara tatu, "Nani amemwona?" Watu wangenyamaza, kwani nani angethubutu? Na kile kimya kingerekodiwa, kikapelekwa kwa wale marafiki wa ngano kama ushahidi kwamba nchi nzima iliulizwa, na nchi nzima haikuona.

Migomba ikaletwa kwa malori, kila mmoja umepigwa muhuri wa Wizara ubavuni. Haikupimwa. Ilikuwa ya kimo kimoja, kama madawati. Nilimwandikia Waziri kwamba mila inataka mgomba ulingane na mtu. Akanijibu kwamba mbele ya serikali watu wote wako sawa.

Mimi nikateuliwa mshereheshaji. Nilivaa suti yangu ya kijivu, nikashika kipaza sauti. Jukwaani waliketi mawaziri, na pembeni yao, kwa kuwa jukwaa si nyumba, Mheshimiwa Marehemu. Chini yao makaburi arobaini na moja mafupi, yaliyochimbwa na wanajeshi, mabovu, kingo zimepinda. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Waziri Kidundo akasimama. "Nani amemwona?"

Upepo. Mtoto akakohoa.

"Nani amemwona?"

Wanawake walikuwa wameikumbatia migomba yao, wanatazama chini. Sikioni mwangu jembe likaanza: kwi, kwi.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho, nani amemwona?"

Kile kimya sitakieleza. Nilikuwa ndani yake kama samaki ndani ya maji. Nilikuwa na sahihi yangu, suti yangu, miaka yangu thelathini na mmoja ya utumishi. Kapteni Sururu alinitazama kwa upole. Kikapita.

"Taifa limejibu," akasema Waziri. "Sasa wajane wana haki ya neno moja kabla ya udongo. Mmoja kwa niaba ya wote. Fupi."

Nyamizi akatoka mbele. Hakuna aliyemteua, lakini hakuna aliyemtangulia. Mikono yake ilikuwa imebeba mgomba, kwa hiyo nikamshikia kipaza sauti mimi. Hakuutazama mgomba. Alinitazama mimi usoni, kwa utulivu, kama mtu anayepima chumvi.

"Lugendo, mume wangu," akaanza, "uliondoka kwangu Jumatano."

Alhamisi, nikasema moyoni. Ulimi ukaniwasha.

"Uliondoka Jumatano jioni, ukaenda uwanja wa ndege."

Si kweli.

"Wanasema ulikimbia. Wanasema ulilitupa jembe, ukapanda ukuta, ukakimbia kama mwizi wa kuku, ukamwacha Dakta wa watu bila wa kumkabidhi."

Hakukimbia. Hakulitupa. Alilishusha mara moja, vizuri, kwa pembe inayotakiwa. Nilimfundisha mimi mwenyewe pembe ile.

"Labda ulianguka langoni," akaendelea, macho hayajabanduka kwangu, "hapo lango la mashariki, penye takataka. Ulianguka peku, Lugendo, kama ulivyozaliwa, huna hata kiatu..."

"Si langoni!" nikasema. "Ni nyuma ya bohari la sementi. Na hakuwa peku, alikuwa na mabuti!"

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Sauti yangu ilikwenda ikagonga ukuta wa mashariki, ikarudi: mabuti. Baadaye niliambiwa kwamba ilisikika mpaka mikoani, ambako watu walikuwa wanakunywa chai.

Waziri Kidundo akainama kutoka jukwaani. "Karani! Umemwona?"

"Hapana, Mheshimiwa," nikasema, na naapa nilikuwa nasema kwa dhati, "sikumwona. Nasahihisha tu."

"Basi sahihisha vizuri," akasema Nyamizi. Hakuinua sauti. "Kichwa kimelala wapi? Mwanzo wa mtaro au mwisho?"

"Mtaro gani?" akafoka Waziri.

"Upande wa kaskazini," nikamjibu Nyamizi. "Kichwa kimeelekea ukuta wa bohari. Ubavu wa kulia. Anayemfuata ana shati la maua. Wa tatu ni mwanamke, kanga yake nyekundu." Maneno yalikuwa yanatoka yakiwa yamepangwa. Kumbe miezi yote ile nilikuwa nimeyapanga. "Wa nne mzee mwenye baraghashia. Wa tano..."

Nikawataja wote arobaini na mmoja walivyolazwa. Majina sikuyajua, niliyajua mavazi. Kila nilipotaja vazi, mahali fulani katika umati mtu aliguna, kama aliyechomwa mwiba, na mgomba mmoja ukawekwa chini. Mgomba wa mtu aliyeonwa hauzikwi. Hilo linajulikana hata kwa watoto.

Nilipomaliza, waliondoka. Hawakukimbia wala hawakuimba. Walipita pembeni ya yale makaburi mafupi kuelekea bohari, wakaacha nyuma yao mawaziri na migomba.

Kapteni Sururu alishika redio yake akaomba amri. Kwa mujibu wa utaratibu, amri ya namna hiyo hushuka kutoka ghorofa ya tisa ya Wizara, na ghorofa yote ya tisa ilikuwa imeketi jukwaani. "Nawasikia, over," aliendelea kusema, "nawasikia," wala hapakuwa na aliyesema. Askari wake walimtazama, kisha mmoja, yule aliyechekeshwa na kwata ya mabuti, akaweka bunduki chini, akageuka upande wa ukuta, akabaki hivyo.

Mheshimiwa Marehemu alikuwa amesimama jukwaani. Nadhani alitaka kushuka. Mguu mmoja ulikuwa ngazini. Lakini ngazi ilikuwa imejaa mawaziri wanaoteremka upande wa magari, wakamrudisha nyuma kwa mabega, bila kumwona, na kila aliporudishwa aliomba radhi.

Mimi nilikuwa na ufunguo wa bohari. Majembe ya Alhamisi ile yalihifadhiwa humo kama vielelezo, kila moja na kibandiko. Nilifungua. Wanawake wakaingia, wakayachukua, na wengi walilitambua la mtu wao kwa mpini.

Udongo wa mtaro ulikuwa laini. Waliufukua taratibu, na walipokaribia wakaweka majembe pembeni wakatumia mikono. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikioni hapana tena kitu, ila mikono ya watu na udongo.

Nyamizi alikuwa amepiga magoti upande wa kaskazini. Alifukua kuanzia miguuni. Aliyakuta mabuti, akayafuta kwa kiganja, la kulia kisha la kushoto, akayatazama kwa muda kama viatu vya mgeni. Nilikuwa nimesimama juu yake na suti yangu ya kijivu, natafuta la kumwambia, na nilikuwa na maneno mengi, mengine nimeyasomea.

"Nyamizi," nikasema, "ule mtaro, siku ya Jumatano, Kapteni aliponiuliza..."

"Najua," akasema.

Alikuwa amefungua kanga yake ya juu, ameitandaza kando ya mwili. Watu wengine walikuwa wanashughulika na wao. Hapakuwa na mwingine karibu. Akaishika pembe moja, akanisukumia nyingine bila kuinua uso.

"Shika huko," akasema. "Ni mzito."

Nikapiga magoti, nikashika.